Oganoidi za figo: zinawezekana kwenye maabara ya kawaida hapa Mwanza?

KirumbaLab aliuliza:

Wakuu, habari za kazi. Tuko kikundi kidogo hapa Mwanza, tunaandaa andiko la utafiti kuhusu jeni ya APOL1 na ugonjwa sugu wa figo Kanda ya Ziwa. Mshauri wetu anataka tuongeze sehemu ya oganoidi za figo, yaani vile vipande vya tishu vinavyokuzwa maabara kutoka kwenye seli shina, ili tusiishie kuhesabu wagonjwa bali tuone aleli zenyewe (matoleo tofauti ya jeni hiyo) zinafanya nini ndani ya seli.

Tulicho nacho: kabati la usalama wa kibayolojia daraja la pili, inkubeta moja ya CO2, hadubini yenye lenzi kwa chini, friza ya -80, tangi la naitrojeni la lita 35 na mashine ya PCR. HEK293 na Vero, zile seli za kawaida za mazoezi ya maabara, zinakwenda vizuri. Seli shina hatujawahi kugusa.

Tuanze na itifaki ipi, na hasa ni wapi watu huharibu? Umeme wa huku kila mtu anaujua, je, kazi ya karibu wiki nne mfululizo inawezekana? Na tukishazipata, zitatufaa pia kwa kichocho na selimundu, maana nayo yanaharibu figo pande hizi?

Podosaiti alijibu:

Karibu KirumbaLab. Itifaki zinazotumika sana zilitoka karibu zote mwaka 2015: ya Takasato na Melissa Little kule Melbourne, ya Morizane na Bonventre kule Boston, na ya Freedman. Ya Morizane inamalizia kwenye sahani za visima 96 zisizonata. Unapata vipande vidogo vidogo vingi, vizuri kwa kupima dawa. Kwa anayeanza ningeshika ya Takasato. Inakula midia (maji ya lishe ya seli) nyingi zaidi, ila kila hatua unaiona kwa macho, na mambo yakiharibika unajua yameharibika siku gani.

Sehemu kubwa ya kufeli hutokea kabla ya siku ya 0. Seli za iPS, yaani seli za kawaida za mtu zilizorudishwa kuwa seli shina, ziwe na makoloni yenye kingo safi, zisiwe zimeanza kubadilika zenyewe pembeni, na zipimwe maikoplasma kwa PCR mara kwa mara. Ninyi mna HEK na Vero kwenye inkubeta hiyohiyo moja, kwa hiyo hapo ndipo hatari yenu kubwa ilipo. Pimeni pia kromosomu. Ile nakala ya ziada ya 20q11.21 (kipande cha kromosomu ya 20) inazipa seli nguvu ya kutokufa, zinaota haraka na mtu anafurahi, kumbe laini (ukoo huo wa seli) imeshabadilika. Tengenezeni benki ya viali vya kutosha vya pasaji moja (idadi ileile ya kuhamishwa flaski), na kila bachi ianze kwenye kiali kipya badala ya kuendeleza flaski ileile miezi.

Siku moja kabla, tenganisheni seli ziwe mojamoja, mpande 15,000 kwa kila sentimita ya mraba, yaani 375,000 kwa flaski ya T25, pamoja na Y-27632, dawa ya kuzuia seli zisife zikitenganishwa, ya maikromola 10. Hesabuni zilizo hai tu. Kesho yake ndiyo siku ya 0: midia ya APEL au E6 yenye CHIR99021 maikromola 8. Ukiwa na stoku ya milimola 10 kwenye DMSO, hiyo ni maikrolita 8 kwa mililita 10. Gawanyeni stoku kwenye tyubu ndogondogo za matumizi ya mara moja. Ikigandishwa na kuyeyushwa mara nyingi inashuka nguvu bila dalili yoyote, halafu unalaumu seli.

CHIR inazuia kimeng'enya GSK-3, hivyo inawasha Wnt, ishara inayoongoza ukuaji wa kiinitete. Muda wake ndio unaoamua unapata nini. Kwenye kiinitete, seli zinazoondoka mapema kwenye mstari wa mwanzo hukaa upande wa mbele na kuelekea kwenye chipukizi la ureta (mrija wa mkojo). Zinazochelewa hupata Wnt kwa muda mrefu zaidi, hukaa nyuma, na hizo ndizo huzaa mesenkaima, tishu changa inayotengeneza nefroni, yaani vichujio vidogo vya figo na mirija yake. Kwenye flaski mnaiga kitu hichohicho: siku 3 za CHIR zinavuta mbele, siku 5 zinavuta nyuma, na wengi huanza na siku 4. Kila laini ina siku yake. Jaribuni 3, 4 na 5 sambamba kabla ya kufanya lolote la maana.

Siku ya 1 na 2 mtaona seli nyingi zimekufa na zinaelea. Msishtuke. Zikifa zote, upandaji ulikuwa mwepesi mno. Zikibaki makoloni yaliyorundikana kama milima, ulikuwa mzito, na CHIR haijawafikia wa katikati.

Baada ya CHIR mpaka siku ya 7: FGF9 (protini ya kuchochea ukuaji) nanogramu 200 kwa mililita pamoja na heparini maikrogramu 1 kwa mililita. Heparini iwe ya maabara. Ile ya sindano ya hospitali hupimwa kwa yuniti, na viali vingi vina pombe ya benzaili ya kuzuia bakteria, ambayo seli hizi haziihitaji. Siku ya 7 flaski iwe imefunikwa tabaka moja lililoshikana. Hapo toeni sampuli ya qPCR: PAX2 na LHX1, jeni za mwanzo wa figo, ziwe zimepanda. Zisipopanda, tupeni bachi. Kuendelea wiki mbili na nusu mbele kwa matumaini ni kuchoma midia.

Halafu mnatengeneza vipande vyenyewe. Seli 500,000 kwenye tyubu ya mililita 1.5, zungusha 400 g kwa dakika 2, geuza tyubu nyuzi 180, rudia mpaka mara tatu ili donge likae katikati. Libebeni kwa ncha ya pipeti iliyokatwa, mdomo mpana, mliweke juu ya utando wa Transwell (kikombe chenye sakafu ya matundu madogo) wa maikromita 0.4, vipande vitatu kwa kisima cha sahani ya visima 6. Midia inakaa chini ya utando tu, kama mililita 1.2, na juu kubaki wazi kwa hewa. Makosa yanayoonekana sana yako hapa: midia ikipanda juu ya utando, donge linaelea au linatandaa kama chapati na nefroni hazitokei vizuri, kukiwa na kiputo cha hewa chini, kipande kilicho juu yake kinakauka upande mmoja. Inamisha sahani kidogo unapomimina, pitishia pembeni, kisha angalia chini ya utando kwenye mwanga.

CHIR maikromola 5 kwa saa moja, halafu FGF9 na heparini kwa siku 5, halafu midia tupu bila vichocheo mpaka siku 18 hivi baada ya donge. Ile saa moja ya CHIR inachukua nafasi ya Wnt9b, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye chipukizi la ureta na kuiamuru mesenkaima ianze kujikunja kuwa nefroni. Mkiisahau, mnapata donge zuri la mviringo lisilo na kitu ndani.

Kupaka rangi ili kuona aina za seli: kwanza PFA, dawa ya kuzishikiza seli zilivyo, asilimia 2 kwenye barafu dakika 20. Alama ni hizi: NPHS1 kwa podosaiti (seli za kichujio cha damu), lektini ya LTL kwa mirija ya mwanzo, CDH1 kwa ya mbali, GATA3 kwa mwisho kabisa. Zikionekana zote zikifuatana kwenye mrija mmoja, mmefika.

InvetaNaGesi alijibu:

Naongezea yale ambayo itifaki za Melbourne na Boston haziwezi kukwambia, kwa sababu kule wako usawa wa bahari. Mwanza iko kama mita 1,140 juu. Kanieneo ya hewa hapa ni kama kilopaskali 88 badala ya 101. Kwa hiyo asilimia 5 ya CO2 hapa inatoa kilopaskali 4.4 wakati kule inatoa 5.1, na midia inakuwa na pH ya juu kama 0.06. Kufidia unaweka 5.7 hivi.

Ila ngoja kwanza. Inkubeta yenye sensa ya infraredi inahesabu molekuli za gesi, haijui asilimia. Kama ilisanifiwa usawa wa bahari na haina fidia ya kanieneo, ikiandika 5.0 inawezekana tayari inatoa kilopaskali 5. Ukiongeza tena umefidia mara mbili. Sensa ya aina ya joto nayo inayumbishwa na unyevu kila mlango unapofunguliwa. Njia ya uhakika ni kuacha midia kwenye sahani wazi ndani ya inkubeta usiku kucha, kisha kupima pH palepale mlangoni, ndani ya dakika moja. Lenga kile kilichoandikwa na mtengenezaji wa midia. 0.06 peke yake haitaua seli, ila ikijumlishwa na CHIR iliyochoka na upandaji mzito, unapata bachi ambayo hakuna anayeweza kuieleza.

Umeme: pima inkubeta yako kwa mita ya plagi ikiwa imeshatulia. Tuseme wastani ni wati 150. Saa 8 ni Wh 1,200. Betri ya volti 12, Ah 200 ina Wh 2,400, lakini betri ya asidi usiivute chini ya nusu, na inveta nayo inakula sehemu yake. Betri moja haina akiba, weka mbili. Inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi zinachanganya bodi za kudhibiti joto. Jenereta bado inahitajika, ila kazi yake iwe kuchaji. Ikiachiwa kubeba inkubeta moja kwa moja, zile sekunde kati ya umeme kukatika na jenereta kuwaka zinafunga vali ya gesi na kuwasha upya mashine, na baadhi ya mashine zikiwaka upya zinarudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Usipoangalia skrini hujui.

Umeme ukikata na betri zimeisha: usifungue mlango. Basi.

Gesi: mitungi miwili yenye swichi ya kubadilisha yenyewe, na filta ya maikromita 0.2 kwenye bomba. CO2 ya daraja la chakula inafaa. Ya kuchomelea iache, inaweza kuwa na mafuta na unyevu. Mtungi ukiisha mapema kuliko ulivyotarajia, paka povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kumgombeza muuzaji.

Tangi la lita 35 likiwa zima hupoteza lita 0.1 hadi 0.3 kwa siku. Chovya fimbo ya mbao, itoe, ipunge hewani: ukungu mweupe unaishia pale naitrojeni ilipofika. Andika sentimita ukutani kila Jumatatu. Ikishuka ghafla kuliko kawaida, utupu wa tangi umekufa na viali vihamishwe siku hiyohiyo.

Na wale wadudu wa ziwani wanaofunika taa usiku, wanaingia hata kwenye tundu la AC. Zimeni taa za nje za maabara jioni, na trei ya maji ya inkubeta iwe na maji yaliyochemshwa kwa otoklevu, msiweke ya bomba. Ukungu ukishaingia kwenye Transwell zilizo wazi juu, hakuna dawa.

KirumbaLab:

Asanteni sana wakuu, hii ya kanieneo hatukuwa tumeifikiria kabisa. Sensa yetu ni infraredi, tutapima pH kwanza. Naomba mtusaidie na swali la magonjwa.

Mwalimu wa Nefroni alijibu:

Anza na kitu kimoja: oganoidi ni figo ya mimba changa. Ukilinganisha jeni zinazosomwa ndani yake, zinafanana na figo ya kijusi cha miezi mitatu hivi ya mwanzo kuliko figo ya mtu mzima. Kwa hiyo kwa maswali ya ukuaji ni dhahabu. Binadamu huacha kutengeneza nefroni wiki ya 34 hadi 36 ya ujauzito, na idadi unayozaliwa nayo, kutoka laki mbili mpaka zaidi ya milioni mbili, ndiyo akiba yako yote, haiongezeki tena. Panya hatoshi kueleza hilo: kwake nefroni zinaendelea kutengenezwa siku chache baada ya kuzaliwa, na jeni kama SIX1 ambayo kwake huzimika mapema, kwa binadamu inaendelea kwenye seli tangulizi za nefroni.

Kichocho. Kule mwaloni, ufukweni mwa ziwa, ni mansoni (kichocho cha utumbo), kwa sababu konokono wake anapenda maji ya ziwa. Hematobiamu (kichocho cha mkojo) iko zaidi kwenye madimbwi na malambo ya bara. Hematobiamu inaharibu figo kwa kuziba: mayai kwenye ukuta wa kibofu na ureta, makovu, mkojo unarudi nyuma, figo inavimba. Oganoidi haina ureta. Mirija yake haimwagi popote. Huwezi kuziba kisichotiririka. Mansoni ikigusa glomeruli (vichujio vya damu), inapitia mchangamano wa kingamwili kwenye damu, na damu hapa haipo. Mimi ningekiacha kabisa kichocho kwenye andiko hili.

Selimundu vilevile: uharibifu unaanzia medula, sehemu ya ndani ya figo, pale ambapo oksijeni ni kidogo, chumvi ni nyingi na damu inapita taratibu. Vyote vitatu havimo. Kuna swali moja dogo linalowezekana, nalo ni sumu ya hemoglobini huru kwa mirija ya mwanzo, kwa kuwa megalini na kubilini, protini zinazoipokea, zipo. Hiyo ni kazi ya pembeni, lakini ni halali.

APOL1 ndiyo mahali pake. Panya hana jeni hii kabisa, ni binadamu na baadhi ya nyani tu, kwa hiyo modeli ya seli za binadamu ina sababu ya kuwepo. Aleli za hatari, G1 na G2, zilielezwa mwaka 2010. Zimeenea kwa sababu zinasaidia dhidi ya malale. G2 hasa ndiyo inayompinga kimelea cha malale aina ya rodesiense, yule wa upande wetu wa Afrika. Ukikumbuka mlipuko wa Busoga mwanzoni mwa karne ya 20, ng'ambo ya ziwa hilihili, utaelewa kwa nini swali lenu lina uzito.

Lakini msikimbilie inkubeta. Kwanza pimeni aleli kwa washiriki wenu, kwa namba hizi za mahali kwenye jeni: rs73885319 na rs60910145 kwa G1, rs71785313 kwa G2 ambayo ni upungufu wa asidi amino mbili, N388 na Y389. Ongezeni N264K, badiliko jingine la jeni hiyohiyo, kwa sababu ikikaa kwenye nakala yenye G2 inapunguza hatari, na msipoipima mtapata wagonjwa wasioeleweka. Hiyo mashine yenu ya PCR inatosha.

Kwenye oganoidi, APOL1 iko chini sana mpaka uiamshe kwa interferoni gama, ishara ya kinga ya mwili. Wengi huanza na makumi ya nanogramu kwa mililita, saa 24 hadi 48, halafu wanapanga kipimo chao. Kontroli isiyo na interferoni ni lazima, maana interferoni peke yake inabadilisha mamia ya jeni. Kingamwili nyingi za APOL1 sokoni zinashika pia APOL2, protini ndugu yake. Thibitisheni kwa laini iliyofutwa APOL1, la sivyo mtapiga picha za protini nyingine.

MkojoLab alijibu:

Mnasahau njia fupi. Kuna tubuloidi, zilizoelezwa mwaka 2019, zinazokuzwa moja kwa moja kutoka seli za mirija zilizomo kwenye mkojo. Hakuna iPS, hakuna CHIR. Mkojo wa mgonjwa ukae kwenye baridi, usindikwe ndani ya saa chache, seli ziwekwe kwenye jeli ya Matrigel na midia yenye R-spondini, EGF nanogramu 50, FGF10 nanogramu 100 na A83-01 maikromola 5. Antibayotiki na dawa ya fangasi wiki ya kwanza. Kwa maabara yenye inkubeta moja hii ni ya kweli zaidi.

Podosaiti:

MkojoLab, kwa dawa zinazoua mirija nakuunga mkono mia kwa mia. Kwa tenofoviri (dawa ya VVU) kwa mfano, oganoidi za iPS zina OAT1, protini ya kuingiza dawa, kidogo mno, dawa haiingii ndani ya seli, na mtu anaandika "haina sumu". (Tubuloidi nazo pimeni OAT1 kwanza, msidhani tu.) Lakini ugonjwa wa APOL1 uko kwenye podosaiti, na tubuloidi hazina hata moja. Ila mkojo huohuo unaweza kutoa seli za kugeuzwa iPS, kwa hiyo ukusanyaji wenu haupotei.

KirumbaLab:

Tumeelewa. La mwisho: tuweke wagonjwa wangapi na oganoidi ngapi kwenye andiko?

Mwalimu wa Nefroni:

Kulinganisha mgonjwa na mtu mwenye afya ni ulinganisho dhaifu hapa, tofauti za watu zitameza tofauti ya aleli. Chukueni laini moja nzuri yenye G0 (aleli isiyo ya hatari), ihaririwe kwa CRISPR, mkasi wa kubadili jeni, kupata G1/G1 na G2/G2, klonu (koo zilizotoka kwenye seli moja) mbili au tatu kwa kila moja. Uhariri wenyewe ufanyike kwa washirika wenye mazoea, msijifunzie hapo.

Oganoidi 12 za bachi moja ni n ya 1, yaani zinahesabika kama jaribio moja tu. Bachi ndiyo chanzo kikubwa cha tofauti, hilo lilionyeshwa wazi mwaka 2019, kwa hiyo kila bachi iwe na laini zote, zipandwe siku moja, kwa midia ya chupa moja. Fanyeni bachi tatu kwa uchache. Na wekeni bajeti ya kuhesabu seli zisizo za figo: kwenye uchambuzi wa seli mojamoja wa mwaka 2018 zilikuwa asilimia 10 hadi 20, nyingi zikiwa za neva na misuli. Mkisaga oganoidi nzima kwa qPCR, nazo zinaingia kwenye namba. Wiki zikizidi, stroma (tishu ya kujazia) inatanuka, gegedu linatokea, na katikati panakufa kwa kukosa oksijeni. Msivuke siku ya 25 jumla bila sababu.

InvetaNaGesi:

Na vibali vianze sasa. Maadili kupitia NatHREC, kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya, iliyo chini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), na makubaliano ya kuhamisha sampuli kama seli zinakwenda kuhaririwa nje. Fomu ya ridhaa iseme wazi kwamba laini ya seli haitakufa, itahaririwa jeni, na inaweza kutumiwa na wengine. Ridhaa ya "sampuli ya damu kwa utafiti" haibebi hayo, na kumrudia mshiriki aliyehamia visiwani Ukerewe baada ya miaka miwili si kazi ndogo.

Seli zikirudi, ombeni zije kwenye tangi kavu la mvuke wa naitrojeni badala ya barafu kavu. Boksi likikwama forodhani mwisho wa wiki, barafu kavu inaisha, na ile ya viwanda vya samaki haiwezi kuiokoa: iko kwenye sifuri, nyie mnahitaji chini ya -130. Mtu wa kupokea uwanja wa ndege awe na barua ya kukataza kupitisha boksi kwenye eksirei na namba ya simu ya mtu wa pili.

KirumbaLab:

Tumeipata mkuu. Tunaanza na pH ya inkubeta na genotaipu. HEK tunazihamishia jengo la pili wiki hii.